Liki za Msichana Wetu

Mwaka aliofariki Cuthbert Hepple, Cuddy kwa kijiji kizima, mkewe alikuwa na umri wa miaka hamsini na sita, na jina lake, Thomasina, lilikuwa halijatamkwa na mtu yeyote pale Stobrigg kwa muda ambao hata mwenyewe alishindwa kuukadiria. Daktari alilisoma mara moja kwenye faili, tena akalikosea.

Msinielewe vibaya. Watu wa Stobrigg hawakuwa wakatili. Ni wachimba makaa ya mawe wa kaskazini kabisa ya Uingereza, watu wa kukuletea ndoo ya makaa mlangoni bila kuombwa ukiwa mgonjwa. Lakini walikuwa na ulimi wao wenyewe. Thomasina alipozaliwa alikuwa binti wa Matty Dodds. Alipoanza kukata siagi na hemu, ile nyama ya paja la nguruwe, kwenye duka la ushirika, akawa yule mdogo wa akina Dodds. Alipoolewa akawa msichana wa Cuddy, na usichana huo ukamganda hadi nywele zikawa nyeupe. Cuddy mwenyewe alimwita "msichana wetu". Wanaume wote wa bonde lile huwaita wake zao hivyo. Wetu! Utadhani kaolewa na kamati. Babu wa miaka themanini atakwambia, "Msichana wetu magoti yanamsumbua," na wewe unatakiwa uelewe kwamba anamsema bibi kizee aliyemzalia watoto saba. Wengine walifupisha zaidi wakasema "mke" tu. Mke kapika, mke kaenda sokoni, baiskeli imetoboka tairi.

Wanasema ni mapenzi. Huenda kweli ni mapenzi. Ila mapenzi gani haya yanayomaliza miaka thelathini bila kulihitaji jina la mpendwa, hapo ndipo mimi ninapochoka.

Sasa, hasira ya Thomasina huwezi kuielewa bila kuzielewa liki. Kwingineko duniani liki ni kitunguu cha shina nene, unakikatakata ukatia kwenye mchuzi. Stobrigg ni heshima ya mtu. Kila mwanachama wa klabu ya wachimba makaa alikuwa na kipande cha bustani nyuma ya reli, na katika bustani hiyo mtaro mmoja wa liki uliotunzwa kuliko watoto. Walizinywesha bia, walizilisha damu iliyokaushwa, walizichanganyia mavi ya kondoo kwa vipimo ambavyo mtu hakumwambia hata ndugu yake. Jumamosi ya pili ya Septemba kila mmoja alileta liki tatu zinazolingana mezani klabuni, mwamuzi kutoka bonde jingine akazipima kwa utepe, urefu na unene, na kubwa kuliko zote zikashinda. Zawadi zilikuwa vyombo vya nyumbani, makabati na viti na majiko, na mshindi alichagua kwanza. Au tuseme mkewe ndiye aliyechagua. Wanaume walijivunia jambo hilo. "Mimi nalima kwa ajili ya msichana wetu," walikuwa wakisema, wakijiongezea bia.

Cuddy alianza kulima liki akiwa kijana, na hakuwahi kupita nafasi ya tisa. Halafu mwaka sitini na moja dari la mgodi lilimwangukia mgongoni. Akapona kiasi cha kutembea na fimbo mbili hadi klabuni na kurudi, lakini kuinama ndiyo basi tena. Ilipofika Aprili iliyofuata Thomasina alimkuta kasimama dirishani anaitazama miche ikinyauka kwenye kisanduku, machozi yanamtoka bila sauti. Alivaa mabuti ya mumewe, akachukua sepetu, akaenda kuchimba.

Mwaka wa kwanza ziliota nyembamba kama vidole. Mwaka wa pili zilioza. Mwaka wa tatu alianza kuchagua mwenyewe liki za kuachia mbegu, akitupa zile ambazo Cuddy alisisitiza ziachwe na kubakiza zile alizozidharau, na mwaka wa nne, sitini na tano, mezani klabuni ikasimama mbegu mpya kabisa, nene, nyeupe, imekaza kuanzia chini hadi juu. Ikashinda. Ikashinda tena sitini na nane, ikashinda tena sabini na mbili. Kijiji kizima kikaiita mbegu ya Cuddy. Kabati la Cuddy lilikuwa chumbani, viti vya Cuddy sebuleni, na mashine ya kufulia ya Cuddy ilinguruma jikoni kila Jumatatu, ingawa Cuddy mwenyewe hakuwahi kujua kitufe cha kuiwashia.

Na hapa lazima niseme jambo ambalo Thomasina mwenyewe hakupenda kulifikiria. Yeye ndiye aliyemfichia Cuddy siri. Wiki tatu kabla ya maonyesho, kamati hupita bustani kwa bustani kupiga muhuri kwenye kila liki itakayoshindana, ili mtu asije akaleta liki za kuazima. Kila mwaka, siku hiyo ya muhuri, Thomasina alimkalisha Cuddy juu ya ndoo iliyopinduliwa, akampaka tope kidogo kwenye mabuti, akamwekea sepetu mkononi. Kisha akaingia ndani kuchemsha chai. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Alimwonea mumewe huruma, na pia aliona aibu kwa niaba yake, na vitu viwili hivyo vikishikana mtu hufanya mengi.

Siku moja tu walizungumza. Thomasina alikuwa jikoni klabuni na wanawake wengine, wanaandaa supu ya maonyesho, na kupitia kidirisha cha kupitishia sahani akamsikia mumewe akiulizwa siri ya ushindi.

"Ni jicho tu, bwana," alisema Cuddy. "Jicho na subira. Msichana wetu naye hunisaidia kubeba maji."

Kubeba maji! Thomasina alikata hemu yote iliyobaki vipande vipana kupita kiasi, na walipofika nyumbani akamfungia mlango wa jikoni kwa mgongo wake.

"Nabeba maji, siyo?"

"Ungetaka niseme nini, msichana wangu?" Cuddy alikuwa kakaa, hana pumzi. "Nisimame pale niwaambie kwamba siwezi hata kung'oa gugu? Kwamba nimebaki kufukuza ndege tu?"

Thomasina alizitazama zile fimbo mbili, akaufungua mlango. Alimpenda mtu yule. Lakini hasira haikuondoka, ilikaa kimya tu, na kila Septemba ililishwa.

Cuddy akafariki Februari ya mwaka sabini na nne, kifua kikiwa kimejaa vumbi la miaka ile yote. Siku ya maziko, nyumba imejaa watu na mikate ya hemu, Lanty Hepple, mdogo wake marehemu, alimvuta Thomasina pembeni. Lanty alikuwa mtu wa maneno mengi ambaye liki zake zilijulikana kwa kuliwa na konokono.

"Shemeji," alisema, bado anatafuna, "ile miche ya kaka iko wapi?"

"Juu ya jiko, mahali pa joto."

"Nitakuja kuichukua kesho. Usiiguse, utaiharibu."

Thomasina aliliangalia lile kombo la mkate kwenye sharubu zake. "Ukija kesho," alisema, "uje na jeneza lako."

Lanty alicheka akadhani ni majonzi.

Machi alikwenda klabuni kumwona katibu, Septimus Ridley, ambaye kila mtu alimwita Sep. Mwanamke hakuruhusiwa kupita ukumbi wa mbele bila mumewe, kwa hiyo walizungumza mlangoni, kwenye upepo, Sep kashikilia kofia yake.

"Nataka kuleta liki Septemba," alisema Thomasina.

"Wazo zuri sana, mpenzi wangu. Cuddy angefurahi huko aliko. Nitamwandika Lanty."

"Sikusema Lanty. Nimesema mimi."

Sep alikuwa mtu mpole, wa kumwita kila mwanamke mpenzi kama ilivyo desturi ya huko, na upole wake ndio uliokuwa ukiudhi. Alimtazama kama mtu anayemsikiliza mtoto akieleza ndoto. "Mpenzi, mshindani lazima awe mwanachama. Wewe ulikuwa unaingia kwa kadi ya Cuddy, na kadi hiyo imekwisha naye. Siyo mimi, ni sheria."

"Basi niandikeni uanachama."

"Wanachama ni wanaume, bibie. Unajua hilo. Sikiliza, kuna njia nyingine nzuri zaidi. Tunaziweka mezani kwa jina lake mwenyewe. Tunaandika 'Marehemu C. Hepple', tunaweka utepe mweusi. Watu watalia."

"Alime kutoka kaburini?"

"Aa, sasa usiseme hivyo."

"Nauliza, Sep. Maiti inaweza kuwa mwanachama na mimi siwezi?"

Sep alivaa kofia yake. Alisema angelifikisha kamatini, kwa sauti ile ile watu wanayosema watakuja kukutembelea.

Thomasina alirudi nyumbani akapanda. Sijui kama kuna liki duniani zilizowahi kupandwa kwa hasira namna ile. Aliongea nazo mchana kutwa, na hakuongea nazo vizuri. Alizisimulia juu ya Sep na juu ya Lanty, alizisimulia juu ya barua ya rambirambi kutoka chama cha wafanyakazi iliyoanza kwa kumwita mjane wa mwenzetu, na mara nyingi alimtukana Cuddy kisha akalia, kisha akaendelea kupalilia. Mwezi Juni Lanty alikuja na toroli kudai nusu ya mtaro, kwamba damu ni damu. Alimkuta shemejiye kasimama na ndoo ya mavi ya kondoo yaliyolowekwa siku kumi.

"Sogea hatua moja, Lanty."

"We mwanamke una wazimu. Hii ni mbegu ya kaka yangu!"

"Hatua moja tu. Nakuomba."

Lanty aliondoka na toroli tupu, na jioni hiyo klabu nzima iliambiwa kwamba msichana wa Cuddy amechanganyikiwa na msiba.

Agosti ikafika siku ya muhuri. Kamati ilipita kwa heshima tu, watu wanne na Sep mbele, Lanty nyuma yao akiwa na uso wa mrithi. Thomasina alikuwa amekaa mwenyewe juu ya ndoo. Walisubiri kidogo, wakitazamana, ndipo akaelewa kwamba wanasubiri aingie ndani akachemshe chai.

"Sina kiu," aliwaambia.

Wakageukia mtaro. Sep alipiga goti, akazungushia utepe liki ya kwanza, akautazama utepe, akauzungusha tena. Mwenyekiti akamwomba amwachie apime yeye. Kwa miaka mitatu ngao ya bonde, inayoshindaniwa na klabu zote, ilikuwa inakwenda ng'ambo ya mto, kwa wapinzani wao wa Winlaw, na hapa mbele yao, kwenye bustani ya mjane asiye mwanachama, zilisimama liki ambazo Winlaw wasingeziona hata usingizini.

"Mungu wangu," alinong'ona mwenyekiti. "Tuziandike jina la Lanty."

"Ukizipiga muhuri wa Lanty," alisema Thomasina bila kuinuka, "nitazing'oa leo hii, mbele yako, nile nazo viazi."

Walimjua binti wa Matty Dodds vya kutosha kuamini hilo. Wakaenda pembeni ya kibanda cha zana, wakanong'onezana, mikono ikarushwa, sauti ya Lanty ikapanda ikashushwa. Waliondoka bila kupiga muhuri wowote. Siku tatu baadaye Sep alibisha hodi, kavaa suti, kifua mbele.

"Tumekaa kikao maalumu," alisema. "Sikufichi, kulikuwa na makelele. Lakini nimesimama nikawaambia, huyu ni mke wa mwenzetu, na haki ni haki. Imepita kwa tofauti ya kura mbili. Utaleta liki zako, bibie. Kwa jina lako. Mwanamke wa kwanza tangu klabu ijengwe."

"Kwa jina langu?"

"Kwa jina lako. Mimi mwenyewe nitaandika kadi."

Thomasina alimkumbatia pale pale kizingitini, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mwanamume mwingine zaidi ya mumewe, na Sep akawa mwekundu hadi masikioni. Muhuri ukapigwa siku ile ile. Siku zote zilizobaki mama yule alitembea barabarani kichwa juu. Alinunua hata kitambaa kipya cha shingo. Alikwenda makaburini akamwambia Cuddy, kwa sauti ya kawaida, kwamba imekwisha, kwamba hana kinyongo tena, na akamaanisha.

Jumamosi ya maonyesho alizing'oa liki zake saa kumi na moja alfajiri, akaziosha mizizi uzi kwa uzi kwa mswaki, akazifunga kwenye shuka, akazipeleka klabuni kwenye kigari cha mtoto. Walimwonyesha nafasi yake, katikati ya meza ndefu. Akazipanga juu ya kitambaa cheusi. Wanaume walikuja kuangalia, wakavuta pumzi, wakaondoka kimya kwenda kuangalia zao. Na hapo mbele, imeegemezwa kwenye kijiti, ilikuwepo kadi, na mwandiko wa Sep ulikuwa mzuri kweli, na herufi kubwa zilikuwa na mikia ya mapambo.

Bi. Cuthbert Hepple.

Aliisoma mara ya kwanza akadhani amekosea meza. Akaisoma tena.

"Sep," aliita. "Njoo."

Sep alikuja anatabasamu, bado ana wino kidoleni. "Umeipenda? Nilikaa nayo saa nzima."

"Huyu ni nani?"

"Nani?"

"Huyu uliyemwandika."

"Si wewe? Bi. Cuthbert Hepple." Alisema pole pole, akihisi kuna kitu. "Ndilo jina lako la heshima. Barua zote za klabu tunaziandika hivyo. Mke wangu mwenyewe ni Bi. Septimus Ridley, hajalalamika siku hata moja."

"Umewahi kumuuliza?"

"Sasa nimuulize nini?"

Thomasina angetukanwa, angejibu. Angedhulumiwa waziwazi, angepigana, mikono yake ilikuwa na nguvu kuliko ya nusu ya wanaume wa ukumbi ule. Lakini mtu huyu alikuwa amempigania kamatini, akamshinda Lanty, akakaa saa nzima na kalamu yake nzuri, akampa jina la mumewe akidhani anampa lake. Na alikuwa anasubiri ashukuriwe.

"Mimi naitwa Thomasina," alisema. "Andika nyingine."

"Kadi zimehesabiwa, mpenzi wangu. Na ikibadilishwa baada ya kuwekwa mezani, liki zinatolewa mashindanoni. Ni sheria ya kuzuia udanganyifu. Kwani kuna tofauti gani? Kila mtu anajua ni wewe."

Kabla hajajibu, mwamuzi alifika. Alikuwa mzee wa bonde la mbali, miwani miwili, moja puani na moja kichwani, na utepe ukiwa umening'inia shingoni. Alianza kupima. Alipima liki ya kwanza, ya pili, ya tatu, akatazama kitabu chake cha hesabu, akavua miwani yote.

"Miaka arobaini nafanya kazi hii," alisema. "Sijaona." Akamgeukia Thomasina, aliyekuwa karibu zaidi. "Ni za mumeo?"

"Mume wangu alifariki Februari."

"Oo. Pole sana, mama. Pole sana." Mzee aliweka mkono kifuani, kwa dhati kabisa. "Basi kaacha kazi kubwa. Alikuwa na mkono wa ajabu, mumeo."

Basi. Mara nyingine kinachomvunja mtu ni neno jema.

"Mkono?" alisema Thomasina, na sauti yake ikafika hadi kwenye ngazi. "Mkono gani? Cuddy hakuwahi kugusa udongo tangu mwaka sitini na moja. Hakuweza kuinama! Liki za sitini na tano ni mimi. Za sitini na nane ni mimi. Sabini na mbili nilizilima nikiwa na homa ya mapafu, na ninyi mkambeba yeye mabegani. Mnaijua mbegu ya Cuddy? Mbegu ya Cuddy ilioza. Hii ni yangu. Kila Agosti mlipokuja na muhuri wenu nilimkalisha juu ya ndoo nikamwekea sepetu mkononi, na hakuna hata mmoja wenu aliyejiuliza mtu mwenye fimbo mbili anachimbaje!"

Lanty akajipenyeza kati ya watu hadi mezani.

"Unamvua nguo marehemu," alisema Lanty, mweupe kama karatasi. "Kaka yangu hana hata mwaka kaburini, na wewe unamfanya mwongo mbele ya klabu yake."

"Tulidanganya wote wawili. Mimi nimechoka."

"Kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya kadi?"

"Ndiyo," alisema Thomasina. "Kwa ajili ya kadi."

Akachukua kalamu kutoka mfuko wa koti la Sep, ambaye hata hakujaribu kumzuia. Akakata Cuthbert kwa mstari mmoja, akakata Hepple, akakata na ile Bi. Akafikiria kuandika Dodds, akaona kwamba hata Dodds lilikuwa jina la Matty, baba yake. Akaandika Thomasina, kwa mwandiko wake mbaya wa dukani, akaiegemeza kadi kwenye kijiti.

Mwamuzi alimtazama Sep. Sep akaitazama sakafu, akatikisa kichwa. Mzee akavaa miwani yake, akapita kwenda kwenye liki zinazofuata. Saa nane mchana ilibandikwa kadi nyekundu ya kutolewa mashindanoni, na ngao ya bonde ikajulikana kwamba inakwenda Winlaw kwa mwaka wa nne.

Thomasina hakuondoka. Alisimama nyuma ya liki zake mchana kutwa, kijiji kizima kikipita mbele yake, na kama alitarajia watu wangemwita kwa lile jina, alikosea. Walilisoma, wakamtazama, wakasogea. Nyuma ya mgongo wake walikuwa wanamsema Cuddy. Masikini Cuddy. Alivyokuwa mtu mzuri. Kumbe msichana wake ni nyoka. Kuna aliyetema mate karibu na kiatu chake, mtu ambaye Thomasina ndiye aliyemsaidia kufua nguo za watoto wake wote. Alimeza hilo pia.

Saa kumi, kabla ya kugawa zawadi, alikuja Norah, mke wa Sep, aproni bado kiunoni, kaacha masufuria ya supu jikoni alikobaki peke yake. Alikuwa na uso wa ukali.

"Umetufanya nini?" alinong'ona. "Kwa nini hukunyamaza tu? Mbona sisi sote tunanyamaza?"

"Ninyi mnanyamazia nini?"

Jukwaani mwenyekiti alikuwa anamwita Sep kupokea zawadi ya nafasi ya pili, na Sep alikuwa anapanda ngazi tatu zile kwa kusimama kila moja, akikohoa kwenye leso, kikohozi kile cha mgodini ambacho mke wa Cuddy alikijua vizuri kuliko kanisa. Mtu mwenye kifua kile hachimbi mtaro. Thomasina akashusha macho kwenye mikono ya Norah, iliyokuwa imejikunja kwenye aproni. Ilikuwa imesuguliwa kwa sabuni hadi nyekundu, lakini kucha ni kucha, na chini ya kucha zote kumi kulikuwa na udongo mweusi wa bustani za nyuma ya reli.

"Norah. Za Sep nani kazilima?"

"Sema polepole."

"Nakuuliza nani kazilima?"

"Anakohoa damu," alisema Norah. "Unataka nimsimamishe pale niwaambie watu nini? Wewe ndiye uliyepaswa kunielewa. Wewe kuliko wote."

"Nakuelewa," alisema Thomasina. "Ndiyo maana nimekasirika hivi. Nilidhani niko peke yangu."

Wakasimama pale, meza na liki zilizokataliwa kati yao. Jukwaani mwenyekiti alimaliza zawadi, akasafisha koo, akafika kwenye maneno ambayo katibu humwandikia mwishoni kila mwaka.

"Na mwisho, waungwana, tusiwasahau wake zetu. Bila wao tusingekuwa na supu. Tuwapigie makofi wasichana wetu!"

Ukumbi mzima ukageuka kwa shangwe, ukakipigia makofi kile kidirisha cha jikoni, na kwenye kidirisha hapakuwa na mtu.